Maji ya Chai, Samaki wa Mwalimu

Kuna samaki wawili wenye milia ambao sijawahi kuwaona wakiogelea, lakini wamenisumbua kichwa tangu mwaka jana. Wa kwanza anatoka Amerika ya Kati, kwenye mito na maziwa ya kuanzia Guatemala hadi Panama. Ni mdogo, anaenea kiganjani. Wazungu wanaofuga samaki kwenye matangi ya vioo walimwita mfungwa, kwa sababu mistari yake myeusi iliwakumbusha sare za jela. Wa pili anatoka Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Naye ana milia. Ila wanasayansi walipomtafutia jina la kitaalamu, mwaka 1998, waliazima Kiswahili: Pundamilia pundamilia. Milia ni ile ile. Mmoja alitoka mfungwa, mwenzake akatoka punda milia.

Mimi kazi yangu ni kusoma vitabu na kubishana navyo, si samaki. Lakini jina ni maandishi, na maandishi yanahakikiwa. Mfungwa, kwa mfano, alihesabiwa kwa muda mrefu kuwa spishi moja, ingawa kila mto ulikuwa na wa kwake: huku milia imenyooka, kule imepinda, huku jike ana tumbo la rangi ya machungwa, kule rangi hiyo hafifu. Mwaka 2007 mtaalamu wa Mexico, Juan Jacobo Schmitter-Soto, akaandika kwamba si mmoja, ni kadhaa, akawagawia majina mapya. Wengine mpaka leo hawakubali. Yaani samaki walilala wakiwa ndugu, wakaamka wakiwa majirani, na majini hakuna kilichobadilika.

Mtu aliyezaliwa kwenye laini za wafanyakazi wa majani chai, kati ya Kericho na Bomet, hawezi kusoma habari kama hiyo akaiona ya samaki tu. Nitaeleza kwa nini. Kwanza nizungumzie vitabu, maana hapo ndipo ugomvi wangu ulipoanzia.

Kuhusu samaki wa Ziwa Victoria kuna kazi mbili ambazo dunia inazifahamu. Moja ni kitabu cha Mholanzi Tijs Goldschmidt, kilichotoka kwa Kiholanzi mwaka 1994 na kwa Kiingereza 1996, kikiitwa Darwin's Dreampond. Nyingine ni filamu ya Hubert Sauper, Mwaustria, ya mwaka 2004: Darwin's Nightmare. Cha kwanza ni ndoto, cha pili ni jinamizi. Na zote mbili zinamilikishwa Darwin, mzee ambaye hakuwahi kufika ziwani. Meli yake haikugusa pwani yetu. Speke alifika ufukweni kusini mwa ziwa mwaka 1858, na kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi kikatoka mwaka uliofuata. Sasa ziwa letu limekuwaje usingizi wake?

Sitaki kumwonea Goldschmidt. Kitabu chake ni kizuri, na nakipendekeza kwa yeyote anayedhani sayansi haiwezi kuandikwa kwa ucheshi. Ni mwanabiolojia aliyekwenda Mwanza miaka ya 1980 kuwachunguza samaki wadogo ambao wavuvi wa huko huwaita furu, na huku kwetu upande wa Waluo ni fulu. Amelishika jina hilo la wavuvi na halitupi, na kwa hilo namheshimu. Anajicheka. Anakubali kuwa mgeni. Na anasimulia msiba wenyewe bila kupaka chumvi: sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akatulia kama mtu asiye na haraka, kisha miaka ya 1980 akalipuka. Furu walikuwa zaidi ya spishi 500, kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi. Takriban 200 hawakuonekana tena. Mtafiti alikuwa bado anawahesabu wakati wanamtoroka kwenye wavu mmoja mmoja.

Filamu ya Sauper ni ya hasira zaidi. Inatuonyesha minofu ya sangara ikipanda ndege kwenda Ulaya, huku watu wa Mwanza wakibakiwa na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Inadokeza kwamba ndege hizo hizo zilikuja na silaha. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani kwamba imeichafua nchi. Mimi niliitazama nikiwa chuoni, kwenye kompyuta ya rafiki, na nikatoka nimenyamaza. Ni filamu inayojua kupiga picha: siwezi kusahau zile fremu za samaki zilizotundikwa juani. Lakini kila mtu ndani yake ni jeraha. Hakuna mtu ambaye ana jirani, ana shamba, ana mchana wa kawaida. Na samaki mwenyewe, yule furu aliyekufa, hana hata sura. Amekuwa sababu tu ya kumzungumzia sangara.

Lawama yangu kwa kazi zote mbili ni moja. Nikizikumbuka, ziwa linaanzia ufukweni. Mito siikumbuki kama mhusika. Maji yapo tu, kama jukwaa, halafu mchezo unaanza. Na sisi tunaoishi huku juu, kwenye kimo cha mita 2,000 hivi, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri, tunajua maji hayako tu. Maji hutoka mahali, tena hutoka yakiwa yamebeba kitu.

Angalia ramani. Itare na Kiptiget zinateremka kutoka Mau kupitia mashamba ya chai. Kipsonoi inapita upande wa Sotik. Zinakusanyana zinakuwa Sondu, ambayo inashuka, inazungusha mitambo ya umeme ya Sondu Miriu ya megawati 60, kisha inaingia Ghuba ya Winam. Sasa geukia kusini. Nyangores inapita Bomet mjini kabisa, inakutana na Amala, zinakuwa Mara, ile Mara ya nyumbu na watalii. Watu wengi huishia hapo, kwenye picha ya mamba. Lakini Mara inaendelea, inavuka mpaka, na kumwagika ziwani karibu na Musoma, Tanzania. Udongo wa Bomet husafiri nje ya nchi bila pasipoti.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunasema mto una siku za strungi na siku za chai ya maziwa. Wakati wa kiangazi unaona mawe chini. Mvua ikishika, hasa baada ya msitu wa Mau kukatwa (mwaka 2001 serikali iliidhinisha kumegwa zaidi ya hekta 60,000), maji yanakuwa mazito, ya rangi ile ya chai iliyotiwa maziwa mengi. Tulidhani ni msimu tu. Hakuna aliyetuambia kwamba rangi ya maji ni jambo la ndoa za watu wengine huko chini.

Ndiyo, ndoa. Hapa ndipo maandishi yaliyonishika kuliko kitabu na filamu, na hayana jina la Darwin kwenye kichwa. Ni makala za kitaalamu za Ole Seehausen na wenzake, akiwemo Mtanzania Hillary Mrosso. Ni kavu kama ugali wa jana, lakini ukizitafuna utazikuta na hadithi.

Punda milia yule ana jamaa yake anayeitwa Pundamilia nyererei. Ndiyo, Mwalimu. Alipewa jina hilo mwaka 1985. Punda milia dume ni wa samawati na huishi karibu na uso wa maji. Nyererei dume ana mgongo mwekundu na huishi chini kidogo. Wote ni wa miamba ya visiwa vya Ghuba ya Mwanza na jirani zake. Majike wao hawana urembo mwingi, na kwa macho yangu na yako wanafanana. Jike ndiye anayechagua, na anachagua kwa rangi.

Utamu uko kwenye kutofautiana kwa kisiwa na kisiwa. Kule Makobe, ambako maji ni maangavu, wekundu ni wekundu na samawati ni samawati, na hawaoani ovyo. Ukija visiwa vya ndani zaidi ya ghuba, kama Python na Kissenda, maji yana tope kiasi, na tofauti zinalegea. Ukifika Luanso, ambako tope ni jingi, huoni makundi mawili tena. Unakuta mchanganyiko mmoja, wengi wao wa rangi za katikati. Makala ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba hata macho yanahusika: tope humeza mwanga wa samawati, wa chini wakabaki na mwanga mwekundu, na macho ya samaki wa chini yamejengeka kuona nyekundu vizuri zaidi. Na mapema, mwaka 1997, walikuwa wameshaandika kwamba jike akiwekwa kwenye mwanga wa rangi moja tu, asioweza kutofautisha rangi ndani yake, anaacha kubagua. Dume yeyote anafaa. Si kwamba amebadili msimamo, haoni tu.

Kwa hiyo sangara si muuaji peke yake. Sangara alikula samaki. Tope linakula tofauti. Hakuna mzoga unaoelea, hakuna wa kupigwa picha, na ndiyo maana hakuna aliyeitengenezea filamu.

Niseme haki: Luanso iko mbali na mdomo wa mto Sondu, na sidai kwamba udongo wa shamba la babu ndio uliowafunga macho samaki wa Mwanza. Kila mto una tope lake na kila kilima kina mwenyewe. Lakini ziwa ni moja, na kuchafuka kwake ni hesabu ya vilima vyote, mbolea yote, misitu yote iliyokatwa. Sehemu yetu imo.

Sasa nije kwenye kilichonikosesha usingizi.

Baba yangu ni Mkisii wa Nyamira. Mama ni Mkipsigis wa Bomet. Walikutana kambini, baba akiwa kiwandani na mama akichuma majani. Kwenye laini yetu kulikuwa na Waluo, Waluhya, Wakisii, Wakipsigis, na watoto tulikuwa tunatukanana kwa lugha nne na kusameheana kwa Kiswahili. Januari 2008 nilikuwa na miaka tisa. Baada ya matokeo ya uchaguzi, usiku mmoja mjomba alikuja na tochi akatuchukua mimi na dada yangu hadi kwa kogo, bibi yetu mzaa mama. Baba hakuweza kuja huko. Alilala kituo cha polisi siku kadhaa na wengine wengi, halafu akaenda kwao. Tuliambiwa tusithubutu kuongea Ekegusii, hata kwa mchezo, hata usingizini kama tunaweza. Ilikuwa miezi minane kabla sijamwona tena. Majirani wetu wengi wa kambini hawakurudi kabisa.

Basi fikiria mtu kama huyo anasoma makala ambayo ndani yake neno la huzuni ni kuchanganyika. Luanso ndiyo hasara. Makobe, ambako kila rangi iko na yake, ndiyo afya. Kwa Kiswahili ni kubaya zaidi, kwa sababu neno letu la samaki wa mbegu mbili ni lile lile la mtoto wa mbegu mbili: chotara. Nilifunga kompyuta. Niliona kana kwamba mtu ameichukua ile lugha ya Januari 2008 (kila mtu arudi kwao, tusichanganyane) akaivalisha koti jeupe la maabara.

Tena sikuwa nimekosea kuogopa. Huku kwetu mifano ya wanyama haijawahi kuwa salama. Watu hutajwa kama magugu, kama kunguru, halafu kesho yake nyumba inachomwa. Mwandishi anayesema samaki hawa ni kama makabila anacheza na kiberiti, hata kama nia yake ni kusifia wingi wa rangi. Filamu na kitabu nilivyovitaja havikufanya kosa hilo waziwazi, lakini zimeacha mlango wazi, kwa sababu zote zinapenda kuliita ziwa la zamani bustani, na bustani ni mahali ambapo kila mmea una tuta lake.

Nilirudi kwenye makala hizo wiki mbili baadaye, na ni vizuri nilirudi. Mwaka 2017 Joana Meier, Seehausen na wengine walichapisha matokeo ya kusoma vinasaba vya furu wa Ziwa Victoria na maziwa ya jirani. Ziwa Victoria lilikauka, na liliporudi kujaa ilikuwa takriban miaka 15,000 iliyopita. Mamia ya spishi katika muda huo ni kama muujiza. Zilipata wapi tofauti zote hizo? Jibu lao: babu wa furu wote alikuwa chotara. Zamani sana, zaidi ya miaka 100,000 kabla ya ziwa hili tunalolijua, koo mbili za samaki, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile, zilikutana na kuzaana. Vinasaba vya macho, vile vile vinavyowawezesha wekundu na samawati kutambuana leo, vilitoka pande zote mbili. Bila kuchanganyika kule, kusingekuwa na rangi za kupotea huku.

Sikulia, lakini nilimpigia dada yangu simu saa nne usiku. Akanisikiliza, akasema, "Kwa hiyo sisi ndio ziwa?" Nikacheka. Halafu nikagundua kwamba nami nimeshika kiberiti kile kile. Nilikuwa nataka samaki waseme chotara ni bora, kama wengine wanavyotaka waseme chotara ni uharibifu. Samaki hawajasema lolote kati ya hayo.

Wanachosema, nikisoma kwa makini, ni kidogo zaidi na kinanitosha. Kuchanganyika si jambo moja. Kuna kule kwa zamani, ambako wawili walikutana na uzao wao ukapata macho ya namna nyingi. Na kuna kwa Luanso, ambako mtu anachukua yeyote kwa sababu haoni mwenzake. Yaonekana vinafanana, lakini kimoja kilizaa tofauti na kingine kinazifuta. Kinachovitenganisha si damu. Ni hali ya maji. Na hali ya maji, tofauti na damu, ni kitu ambacho watu wa vilimani wanaweza kulaumiwa nacho, na wanaweza kukitengeneza.

Na hilo jina, nyererei. Mwalimu alitumia maisha yake akijaribu kuwafanya watu wa makabila zaidi ya 120 waonane kuwa wamoja, na Kiswahili kikiwa ndicho maji yao. Samaki wake amekuwa maarufu duniani kwa kuonyesha jinsi wawili wanavyokaa mbalimbali. Nilidhani ni kejeli. Sasa sina hakika. Wekundu na samawati wa Makobe wanaishi kwenye mwamba mmoja. Hakuna aliyemfukuza mwenzake arudi kwao. Wanaonana, basi.

Mwezi uliopita nilishuka hadi soko la Sondu, pale mpakani ambako Mkipsigis huleta mboga na mahindi na Mjaluo huleta samaki, na ambako kila baada ya miaka kadhaa watu hurushiana mishale na mawe, kisha soko likafunguliwa tena. Nilimkuta mama mmoja ametandaza fulu wakavu kwenye gunia. Nikachutama.

"Mama, hawa ni fulu wa aina gani?"

Akaniangalia. "Fulu ni fulu, nyathina. Unataka ya mia?"

"Si kuna aina nyingi?"

"Ziko." Akachukua mmoja, akamgeuza. "Huyu ni wa mawe. Huyu wa matope, mdomo wake unaona uko chini. Huyu sijui, siku hizi wanakuja wamefanana. Zamani mama yangu alikuwa anawatenga kabla ya kuanika. Mimi siwatengi. Bei ni moja."

Kwa sentensi chache alikuwa amesema ambayo Goldschmidt alihitaji kitabu kizima kuyasema, na zaidi ya ambayo Sauper alitaka kusikia. Nilinunua ya mia mbili.

Kitabu ninachokitaka bado hakijaandikwa. Kingeanzia kwenye chemchemi ya Itare, kipite kambini, kipite sokoni Sondu, na kifike ziwani kikiwa tayari kimechafuka. Kiandikwe na mtu ambaye anajua majani chai huchumwaje na fulu hutengwaje. Kisimtaje Darwin mpaka ukurasa wa mia. Na mwandishi wake, tafadhali, asitutumie samaki kutuambia nani akae na nani.

Nyumbani nilimwaga fulu kwenye gazeti. Mama alivaa miwani, akaanza kuwatenga bila kuulizwa, kwa midomo, kwa mikia, maana rangi zilikuwa zimekauka na wote walikuwa kahawia. Alipata mafungu manne. Baba akapita, akasimama, akachukua mmoja kutoka fungu la pili akamweka la tatu. Wakabishana kuhusu huyo mmoja mpaka sufuria ikachemka. Nje mvua ilikuwa imeanza, na mto ulikuwa unageuka chai ya maziwa.